Kitabu Tulichokikata kwa Mkasi

Watu wakisikia kwamba tunasoma vitabu vya falsafa katika chumba changu cha kushonea, hapa Katuba, wanauliza swali moja tu: munapata nini? Nimechoka kulijibu. Hatupati kitu. Wengine Jumapili mchana wanakunywa bia, wengine wanasengenya majirani, na sisi tunabishana kama mtu ambaye hakufanya lolote anaweza kuwa na kosa. Wanacheka, wanatikisa kichwa, wananiachia suruali zao za kupunguza, wanakwenda zao. Sawa. Suruali nazipunguza vilevile.

Tulikuwa wanne. Mimi mshonaji, mwenye chumba na mwenye mdomo. Wa pili fundi wa simu wa ng'ambo ya barabara, kijana mwenye mke na watoto, anayependa ubishi kuliko chakula. Wa tatu Mama wa vitenge, ambaye ndiye huniuzia vitambaa. Zamani alifundisha shule, kisha mshahara ukawa hadithi, akaingia biashara kama watu wengi wa kwao. Kwao ni Kasai, ingawa alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, na baba yake pia alizaliwa hapa. Wa nne Papa wa Kasungami, mzee mwenyeji, aliyefanya kazi mgodini mpaka magoti yakakataa, sasa analima mahindi na mboga huko nje ya mji. Yeye alikuja siku moja kurekebishiwa koti la kwenda kanisani, akatukuta tunapiga kelele juu ya roho ya mtu inakaa wapi. Akakaa kwenye kiti cha wateja asubiri koti. Koti likaisha, yeye hakuinuka.

Mwenye kitabu alikuwa mmoja kila mara, na kitabu kilikuwa kimoja. Wasomaji wanne, kitabu kimoja, tungefanyaje? Wa chuo wana maktaba yao. Sisi tuna mkasi. Nilikuwa nakikata kitabu mgongoni, vipande vinne, kila kipande nakishona pembeni kwa uzi mnene wa mifuko ili kurasa zisimwagike. Mara ya kwanza Mama wa vitenge alifumba macho, mwalimu wa watu, kana kwamba namchinja mbuzi wake. Baadaye akazoea, akawa ndiye anayenishikia jalada.

Kila mtu anachukua kipande chake nyumbani. Jumapili yake ikifika, anatusimulia. Asisome, asimulie! Na asimulie kwa Kiswahili, mikono mitupu. Sheria hiyo aliiweka Mama.

“Kifaransa inaficha bantu,” alisema. “Muntu anaweza kusoma paji muzima ya kitabu, sauti muzuri, na hakusikia kitu. Kama hauwezi kuisema mu Swahili, haukuisoma.”

Hivyo ndivyo tulivyosoma. Robo ya kitabu kwa macho yako, na robo tatu kwa vinywa vya wenzako. Kipande cha mwenzako hukigusi. Unamsubiri tu, kama mnavyosubiri bukari, ugali wetu, mezani, na akija na habari nusu nusu unamkoromea.

Sasa, kuhusu Mama wa vitenge na Papa wa Kasungami, lazima niseme mapema, maana mimi nilijua toka mwanzo na nilikaa nalo tumboni.

Siku ile Papa alipokaa kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha wateja, Mama alinyamaza katikati ya neno. Aliendelea, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Kesho yake nilipokwenda sokoni kuchagua vitambaa nikamuuliza, maana mimi siwezi kulala na swali. Akaendelea kukunja kitenge, akanijibu bila kunitazama.

Walikuwa majirani, zamani, katika kambi ya wafanyakazi. Nyumba zao zilitazamana. Watoto walikula pamoja, chumvi iliombwa pande zote mbili. Kisha ikaja ile miaka ya tisini watu wa Kasai walipoambiwa na vijana wa wenyeji waende kwao. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka moshi na magodoro barabarani, na mama yangu akituvuta ndani. Mama wa vitenge aliondoka na mume, watoto, na mama yake mzazi aliyekuwa na kifua. Mvua ilikuwa inanyesha. Stesheni ilijaa watu wanaolala chini wakingoja treni isiyojulikana itakuja lini. Akavuka barabara, akabisha kwa jirani. Alitaka jambo moja: mama yake alale mle ndani, mpaka treni ije.

“Alisema nini?” nikauliza.

“Hakusema kitu. Mulango haikufungukaka.”

Mama yake alizikwa njiani, kabla hawajafika huko kwao ambako hakuwahi kupaona.

Miaka ikapita, wakarudi, maana hapa ndipo nyumbani. Mume naye akafa. Na sasa yule jirani amekuja kushonewa koti.

“Nimufukuze?” nikamwambia. Damu ilikuwa imenipanda. “Neno moya tu, Jumapili hanikanyagii pale.”

“Muache! Mi sitaki afukuzwe. Banatosha benye balifukuzwa.” Akaweka kitenge juu ya vingine, akakisawazisha kwa kiganja. “Nataka aseme. Kwa kinywa yake, bila kuulizwa. Alikuwa ndani, ao hakukuwa? Njo ile tu nataka kujua. Na weye, funga mudomo.”

Nikafunga mdomo. Wanaonijua wanajua nilivyoteseka.

Papa naye alimtambua, hilo halina shaka. Alimwita “Mama” kwa heshima, akampisha kiti kizuri. Kila Jumapili alileta lengalenga mbichi, mchicha wa kwetu, zilizofungwa kwa kamba, fungu langu, fungu la fundi, na la Mama lilikuwa kubwa kuliko yetu. Mama alilipokea, akashukuru, akaenda kupika. Walisalimiana, waliulizana habari za watoto na wajukuu. Kambi hawakuitaja hata siku moja. Mimi huku nahangaika na sindano, nawaangalia mmoja mmoja, nasema moyoni: jamani, semeni basi!

Kuna Jumapili moja nilidhani imefika. Tulikuwa na kitabu cha falsafa, kigumu mno, nusu yake hatukuielewa na tukasema wazi kwamba hatukuielewa. Lakini swali lile la kosa tulilielewa. Fundi wa simu akasimama, maana akibishana hawezi kukaa.

“Muntu hakuiba, hakuua, hakutukana. Alikaa tu. Kosa yake iko wapi? Kitu haikufanywa, haiko! Hauwezi kushitaki kitu yenye haiko.”

“Simu ikikufia mukononi juu haukuichaji, utasema haukufanya kitu?” nikamjibu.

“Ah non, yaya, simu haiko muntu!” akasema; huniita yaya kama mkubwa wake.

Papa alikuwa anazungusha kofia yake magotini. Akasema polepole, “Kukosa kufanya nayo iko kazi, mutoto. Inachokesha. Unaifanya kila siku.”

Fundi akacheka, akasema Papa naye amekuwa mwanafalsafa. Mimi nilimtazama Mama. Alikuwa ameinama anatafuta kitu kwenye mkoba. Aliendelea kukitafuta mpaka mazungumzo yakahamia kwingine.

Kisha bintiye Mama aliye Kinshasa akaanza kupiga simu. Mama, umezeeka, unakaa peke yako, njoo. Mama akakataa, akakataa tena, presha ikampanda, akakubali. Angeondoka kiangazi kikikaribia kwisha. Aliponiambia nililia kwa hasira, nikamuuliza, na lile jambo je?

“Kama halitasemwa, halitasemwa,” akajibu. Lakini niliona ilivyomuuma. Hakutaka kwenda Kinshasa na lile swali kama alivyokwenda nalo Kasai.

Kitabu chetu cha mwisho pamoja naye kilikuwa riwaya. Fundi aliipata kwenye mrundo wa vitabu vya mitumba, bila jalada, bila kurasa za mwanzo, hata mwandishi hatukumjua. Nikaikata kama kawaida, bila kuchungulia. Kipande cha kwanza kwa Mama, cha pili kwa Papa, cha tatu kwa fundi, cha mwisho kwangu. Naapa sikupanga. Ningekuwa na akili ya kupanga hivyo nisingekuwa napunguza suruali.

Mama alisimulia cha kwanza. Kijiji cha nchi ya baridi, vita vinakaribia, mwanamke mmoja anaishi na mtoto wake mgonjwa, na jirani yake ni seremala ambaye huchonga vijiko. Kipande kiliishia pale askari wanapoingia kijijini na mwanamke anatoka mbio na mtoto mgongoni, anavuka barabara, anafika mlangoni kwa seremala. Mama alisimulia vizuri, mpaka tone la mwisho. Alipofika mlangoni akainua macho.

“Ile yenye inafuata,” akasema, “iko na Papa.”

Wiki nzima sikushona kitu cha maana. Niliweka zipu ya mteja juu chini, mnaelewa?

Jumapili Papa alifika amevaa koti. Alikaa, akaweka kofia gotini, akasimulia. Na jamani, alisimulia! Mwanamke alibisha, na seremala alifungua palepale, kabla hajabisha mara ya pili. Akamvuta ndani. Akamwondolea mtoto mgongoni, akamlaza karibu na moto, akaongeza kuni. Akampa maji, kisha mchuzi wa moto kwenye kijiko alichokichonga mwenyewe. Akamwambia, kaa hapa, utakwenda vita vikikwisha. Askari walibisha, seremala akawaambia hakuna mtu. Papa alisema maneno ya seremala kwa sauti ya seremala. Mimi silii ovyo, lakini nilijifuta macho na kipande cha kitambaa cha mteja. Fundi alipiga makofi.

Mama hakulia.

“Alifungula?” akauliza.

“Alifungula, Mama.”

“Mara moya?”

“Mara moya.”

Mama akatikisa kichwa, akasema kitabu ni kizuri. Aliondoka mapema siku ile, akasahau lengalenga zake juu ya mashine. Mawazo yangu yalikuwa mabaya, siwafichi: huyu mzee amepewa mlango mkononi, na hata kusema kitu hakusema. Yeye na vijiko vyake!

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya fundi. Alikuja ameshika kipande chake, tayari amekasirika, hata salamu hakumaliza.

“Yaya, ulikosea kukata.”

“Nilikosea nini?”

“Kuko mapaji imepotea. Ao umechanganya. Mu yangu, ule mwanamuke iko mu pori, miguu inatoka damu, mutoto amekufa mukononi. Na analaani mulango! Kila paji, mulango, mulango. Anasema alibisha mpaka mukono ilivimba. Mulango gani, kama seremala alimufungulia na supu alimupa?”

Hapo nami nikawaka. Kutukana mkasi wangu mbele yangu! Nikamwambia mimi nakata nguo za mapadri, nguo za maharusi, sijawahi kukosea kitambaa, nitashindwa na kitabu? Nikamwonyesha uzi, nikaapa kwamba kurasa zake zinaanza palepale za Papa zinapoishia, namba zinafuatana, hakuna hata moja iliyopotea. Akasema basi mwandishi alikuwa mlevi. Nikasema mlevi ni wewe. Tukafika pale pa kupaza sauti hadi mteja aliyekuwa anapita barabarani akasimama kutuchungulia.

“Papa,” nikasema, “toa kipande yako tuone. Toa tumufunge kinywa huyu!”

Papa hakusogea. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti, pale mfukoni, na sote tuliona pembe ya karatasi.

“Mukasi haikukosea,” akasema.

Fundi akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Ndipo nilipoelewa, na nilivyo mjinga, nilielewa wa mwisho. Mama alikuwa ameelewa toka Jumapili ile nyingine. Kitabu hakukijua, lakini yule mtu alimjua. Alikaa wima, mikono magotini, kama anavyokaa kanisani.

“Papa,” akasema, “soma.”

Akaitoa. Akavaa miwani. Akasoma kwa Kifaransa, ukurasa wa mlango. Mwanamke anabisha. Seremala yuko ndani, mshumaa ameuzima. Anasikia mtoto akikohoa. Hafungui. Kitabu kilisema tu hivyo, mistari michache, kikaendelea na mambo ya askari. Papa akamaliza, akavua miwani, akaanza kukunja karatasi.

“Bado,” Mama akasema. “Sheria iko sheria. Mu Swahili.”

Papa akaweka kipande juu ya mashine yangu, mbali kidogo na mkono wake. Nikadhani hawezi. Nilitamani kumsaidia. Mimi, niliyetaka kumfukuza!

“Nilikuwa ndani,” akasema. “Bibi yangu, mama ya batoto, alibashika kinywa. Bale bavijana balikuwa balipita asubui, balisema nyumba yenye itaficha muntu wa Kasai, nayo tutaichoma. Mama, nilikuwa nyuma ya mulango. Mukono yangu ilikuwa juu ya funguo. Ulibisha, uliniita jina. Nilisikia mama yako anakohoa. Nilisema mu roho: ataenda kwa mwengine. Ataenda kwa mwengine. Nilisema ile mpaka haukubisha tena. Kisha nilichungulia mu dirisha. Mulikuwa munaenda, na mama yako alikuwa anabeba kiti yake kidogo.”

Fundi wa simu, ambaye hukosa utulivu hata kwenye mazishi, alikuwa amekaa chini sakafuni.

“Njo ile,” Papa akasema. “Mu kitabu nilitaka afungule. Nilijaribu kuisema vile iko, ku nyumba, peke yangu. Kinywa ilikataa. Nikasema, basi afungule, hata yeye tu.”

Barabarani mtu alikuwa anatangaza kadi za simu kwa kipaza sauti, na sauti ile ikapita, ikaisha.

“Mama yangu aliwatetea,” Mama akasema. “Ku stesheni, chini, na mvua. Mi nilikuwa nabalaani, yeye ananikataza. 'Balikuwa banalala, bale. Muntu mwenye kulala hasikie.' Kila siku. Mpaka ile siku ya mwisho alisema balikuwa banalala.”

Papa akafunika uso na kofia. Mabega yake yalikuwa yanakwenda juu na chini, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Mama pia alilia, sasa, kwa machozi ya kawaida, akatafuta leso, akakosa, nikampa kitambaa cha mteja yuleyule. Nililazimika kumnunulia mteja kingine.

Hawakukumbatiana. Mama hakusema amesamehe. Wanaopenda hadithi ziishe vizuri huniuliza hilo, nawajibu kwamba hakusema, na Papa hakuomba. Mama alipotulia alijipangusa, akamgeukia fundi.

“Bon. Endelea na ule mwanamuke mu pori. Amefika wapi?”

Fundi akaendelea, sauti kama ya mtoto anayesoma ubaoni.

Kipande changu nilikisimulia Jumapili iliyofuata. Mwisho wenyewe ulikuwa mbaya, mwanamke hakurudi tena kijijini. Niliusema ulivyo, sikuongeza hata kijiko. Kisha nikavishona vipande vyote pamoja kuwa kitabu tena, nikampa Mama abebe Kinshasa. Akakikataa. Akasema apewe Papa, na kwamba yeye la kwake ameshalisikia.

Siku chache kabla ya safari yake aliniomba nimsindikize Kasungami, kumpelekea kile kitabu. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati ambapo vumbi jekundu linaingia hadi kwenye meno. Tulipokaribia tuliona nyumba ya Papa ikiwa wazi, mlango umesukumwa hadi ukutani na kuzuiwa kwa jiwe, upepo unaingia na kutoka unavyotaka. Mke wake alikuwa uani anapepeta unga, mweupe wa unga na mwekundu wa vumbi. Alimtambua Mama, akasimama, akaanza kulalamika.

“Mumuambie, mi alishanishinda! Tangu ile Jumapili, mulango haifungwe. Mangaribi tu, wakati ya kulala. Vumbi mu sufuria, vumbi mu kitanda, kuku banaingia mpaka mu chumba. Namuambia fungaka, anasema hapana, muntu anaweza kuya kubisha.”

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, kwa tumbo lote, ameshika kiuno. Papa akatokea ndani, amesimama katikati ya chumba na kofia mkononi, hajui aje au abaki.

Mama akaingia. Akalisogeza jiwe kwa mguu, akageuka, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

“Kuko vumbi, Papa,” nikamsikia akisema huko ndani. “Leta maji tunywe.”